Shukeni Mkule

Tulimzika Mama Njoki siku ya Alhamisi, huko Bahati, kwenye shamba lake mwenyewe, chini kidogo ya nyumba, pale mtaro wa maji ya mvua unapogeuka kuelekea kwa jirani. Nilikaribishwa kiti katika hema la wageni, karibu na wanawake watano waliovalia skafu za kwaya. Mmoja wao akanitazama, akatazama pembeni, akanitazama tena, kisha akainuka na kunishika mabega. "Madam! Si ni wewe?" Alikuwa Rahab. Mimi nilimfundisha akiwa na miaka kumi na saba, mwembamba, mwenye sauti ya kupasua mbao. Sasa ana wajukuu wawili na ndiye kiongozi wa kwaya hiyo. Tulikumbatiana muda mrefu kuliko ilivyo desturi kwenye matanga. "Nilijua utakuja," akaninong'oneza. "Bila huyu mama, Madam, ungekuwa wapi?" Mchungaji alikuwa ameanza kuomba, kwa hiyo sikumjibu, lakini swali lenyewe lilikaa nami safari yote ya kurudi na bado ninalo. Watu huniuliza mara kwa mara nilianzaje kuandika vitabu, nami huwapa jibu fupi la adabu. Ukweli ni kwamba nilianza mara mbili. Mara ya kwanza ilinishinda. Mara ya pili ilianzia jikoni mwa shule, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na minne, na jiko hilo lilikuwa la Mama Njoki.

Shule yetu ilikuwa ya wasichana, ya bweni, kwenye shamba lililokuwa la mlowezi zamani. Nyumba yake kubwa ya mawe ndiyo ilikuwa ofisi, zizi la farasi likawa maabara, na mimi nikapewa chumba katika ghala la pareto. Maua ya pareto hayakuwa yamehifadhiwa humo kwa miaka mingi, lakini harufu yake kavu ilikuwa imeingia kwenye mbao na haikukusudia kutoka. Si mbu, si kiroboto, hakuna mdudu aliyethubutu kuishi na mimi. Nilikuwa na kitanda cha chuma, meza iliyoegemezwa ukutani kwa sababu mguu mmoja ulikuwa mfupi, na dirisha dogo lililotazama jikoni, ambako moshi ulianza kupanda kabla ya jua. Mwanzoni nilikifurahia sana chumba kile. Niliamini kwamba mwandishi akipata meza na dirisha amepata vyote. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nakikwepa, nikisahihisha madaftari kwenye chumba cha walimu hadi wote waondoke, ili nisibaki peke yangu na ile meza.

Kilichonifunga kilikuwa karatasi moja. Nilipokuwa chuoni niliandika hadithi saba, nikampelekea mhariri mmoja, naye akazirudisha baada ya muda na sentensi mbili kwa wino mwekundu: "Hadithi zina uhai, lakini hiki ni Kiswahili cha bara. Jifunze kwanza lugha kwa wenyewe, kisha ujaribu." Hakuwa mtu mbaya, nadhani, na alichosema kilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini mimi nililipokea neno lake kama hukumu. Tangu siku hiyo, kila nilipoanza sentensi nilimsikia mtu akikohoa nyuma yangu. Niliandika "alikuja" nikajiuliza kama wenyewe wangesema "alikuja". Nilinunua kamusi. Nilikariri misemo kuhusu mnazi na mkondo wa bahari, mimi ambaye maji makubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona ni Ziwa Nakuru. Na jambo linalonitia aibu hadi leo ni kwamba darasani nilikuwa nimeishika ile kalamu nyekundu mwenyewe. Msichana akiandika jinsi mama yake anavyozungumza, nilimpigia mstari chini, nikaandika pembeni: hiki si Kiswahili.

Mambo yangekuwa siri yangu tu kama si mwalimu mkuu. Alikuwa mama mrefu, mkali kwa mpangilio, na alikuwa amesikia kwamba niliwahi kuandika. Kwenye mkutano wa walimu wa tarafa nzima akasimama na kutangaza kwamba mwaka huu shule yetu haitanunua mchezo wa mtu kwa ajili ya mashindano ya maigizo. Tuna mwandishi wetu. Nilitabasamu. Ningesema nini? Wasichana wa klabu ya maigizo wakaanza kunisimamisha kwenye njia ya bwenini. "Madam, skripti iko?" Nikawajibu, "Naimalizia." Nilikuwa sijaianza. Walipozidi kuuliza nikafanya jambo ambalo hata sasa silielewi vizuri: niliwagawia nafasi za kuigiza katika mchezo ambao haukuwepo. Wewe utakuwa waziri, wewe mlinzi, wewe kijakazi. Rahab nikamwambia atakuwa malkia. Kwa wiki mbili mtoto wa watu alitembea shuleni kidevu juu, na blanketi la bweni limefungwa mabegani kama joho, akifanya mazoezi ya kuwa malkia wa nchi ambayo mimi mwenyewe sikujua iko wapi.

Jumamosi moja sikwenda kula chakula cha mchana. Nilikuwa nimejifungia tangu asubuhi, na mezani palikuwa na karatasi tisa, kila moja ina maneno mawili tu juu: Malkia anaingia. Mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa pamoja, kama nilivyokuja kujua ndivyo alivyogonga siku zote, na Mama Njoki akaingia na sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Alikuwa mpishi mkuu, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, ambaye hadi siku hiyo nilikuwa nimezungumza naye salamu tu.

"Mwalimu, wewe ni mgonjwa ama unafunga?"

"Niko sawa, mama. Naandika."

Akatafuta mahali pa kuweka sahani, akasogeza karatasi. Alisoma polepole, midomo ikifuata herufi. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akachungulia ya tatu.

"Malkia anaingia," akasema. "Anaingia kufanya nini?"

Nilifungua mdomo kumdanganya, kama nilivyowadanganya wengine wote, na uongo ukakataa kuja. "Sijui," nikasema.

"Hujui? Na si ni wewe unamwingiza?"

Nikaanza kucheka. Nilicheka hadi nikagundua kwamba nalia, na yeye akasimama pale akiningoja, bila kunibembeleza. Nilipomaliza akasema, "Mwalimu, mtu akiingia jikoni yangu, mi najua anataka kitu. Ama ni chumvi, ama ni moto, ama ni mushene ya kusengenya watu, ama amekosana na mtu huko nje. Hakuna mtu huingia bure. Sasa kula hii githeri, halafu ukuje unisaidie kuchagua maharagwe. Selina ni mmoja tu na wasichana ni mia tatu."

Nilikwenda kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa. Jiko lilikuwa jumba la mawe lenye dari nyeusi kwa masizi, sufuria tatu kubwa kiasi cha kumwogesha mtu mzima, na benchi moja kando ya dirisha ambako maharagwe yalimwagwa kwenye karai na kuchaguliwa mawe. Nilikaa kati ya Mama Njoki na Selina, msaidizi wake, mama aliyetoka upande wa Rongai, mpole wa sauti na mkali wa ulimi. Walizungumza juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni gunia. Walizungumza habari za ng'ombe aliyekataa kusimama akikamuliwa, za jirani aliyehamisha ua kidogo kidogo kila msimu, za mhubiri aliyekula kuku wawili peke yake. Maneno yao hayakufuata sarufi yangu hata kidogo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukosa la kusema. Nilirudi Jumapili baada ya kanisa. Nikarudi Jumatatu baada ya kipindi cha mwisho. Vidole vyangu vilijifunza kutambua jiwe bila macho kuangalia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sikumsikia yule mtu wa kukohoa.

Ilikuwa siku ya nne au ya tano. Mvua ilianza, tone likaanguka kutoka dari ya jiko hadi shingoni kwa Selina, naye akalalamika. Mama Njoki akasema, "Hiyo ni tone. Mimi nimepika nyumba haina juu kabisa." Selina akamwambia amsimulie mwalimu. Basi akasimulia, mikono ikiendelea kuchagua.

"Mzee wangu alikuwa amezikwa wiki tatu. Hata udongo haijakaa vizuri. Asubuhi shemeji zangu wakakuja, wanne, wamebeba nyundo na ngazi. Mkubwa wao, Gathogo, akaniambia, 'Hii mabati ni ya ndugu yetu na hii shamba ni ya ndugu yetu. Wewe rudi kwenu.' Mi nilikuwa nimeweka maharagwe kwa moto. Nikamwambia, siwezi kwenda saa hii, maharagwe haijaiva. Akadhani ni wazimu imenishika. Wakapanda. Wakaanza kung'oa. Kila bati ikitoka, jua inaingia. Mi nikakata kitunguu. Nikatia viazi. Majirani wamejaa kwa ua, hakuna hata mmoja anafungua mdomo. Saa saba hivi, bati ya mwisho ikatoka. Nikaangalia juu, nikawaona wanne wote wamekaa kwa ukuta kama kuku, jasho inawatoka. Nikawaambia, chakula iko tayari. Shukeni mkule."

"Wakashuka?" nikauliza.

"Wangeenda wapi? Harufu ilikuwa imewapanda tangu saa nne."

"Mimi ningewatilia chumvi kilo mbili," akasema Selina.

"Nikawapakulia, kila mtu na sahani yake. Gathogo nikampatia kiti ya marehemu. Akakaa. Akaweka kijiko moja kwa mdomo, ikakataa kushuka. Yule mdogo wao ndiye alilia kwanza. Akaweka sahani chini, akasema, 'Mimi napanda kurudisha.' Wengine wakamfuata. Hiyo mabati ilirudi jioni hiyo hiyo. Ziko na matundu ya misumari hadi leo, na hakuna mtu ameniuliza tena shamba ni ya nani."

Karai lilikuwa limejaa. Nilimwomba ruhusa ya kuliandika jambo hilo. Mama Njoki akafikiri kidogo. "Andika," akasema. "Lakini usiniweke nikilia. Siku hiyo sikulia."

Nilivuka ule uwanja kwenye mvua nikikimbia. Niliandika hadi chakula cha jioni na sikwenda, nikaamka alfajiri nikaendelea, nikaandika wakati wa mapumziko ya saa nne, nikaandika nikisimamia wasichana darasani. Kwa siku sita mkono ulikuwa mwepesi kama wa mtu mwingine. Wala hakuna muujiza hapo. Nilijua kila aliyeingia alitaka nini. Gathogo alitaka shamba, mdogo wake alitaka kuonekana mwanamume, majirani walitaka kuona bila kuonekana, na mwanamke aliyesimama mbele ya moto alitaka maharagwe yaive. Siku ya saba nilichukua mswada hadi jikoni, nikawasomea wawili wale kuanzia mwanzo. Walisikiliza vizuri. Nilipofika kileleni nikasoma kwa sauti ya madaha: "Chakula ki tayari. Shukeni mle."

Mama Njoki akainua mwiko. "Nani amesema hivyo?"

"Wewe, mama."

"Mimi? Mimi sikusema hivyo. Hiyo ni mtu wa redio."

Nikaanza kumweleza kwamba hiyo ndiyo sarufi, kwamba kitenzi hicho ni cha silabi moja, kwamba shuleni tunafundisha hivi. Alinitazama kwa huruma. Selina akasema taratibu, "Mwalimu, hao watu wako juu ya nyumba. Ukiwaambia hivyo, watafikiri unawaombea kama mchungaji." Nikatazama zile karatasi. Mahali pote ambapo mama huyu alizungumza, nilikuwa nimemvika nguo za kukopa. Nilirudi ghalani nikakata na kuandika upya kila neno lake jinsi lilivyotoka kinywani mwake, na kwenye jalada nikaandika jina la mchezo, kwa herufi kubwa, Shukeni Mkule. Jioni ile nilipochukua madaftari ya kidato cha pili kuyasahihisha, niliacha kalamu nyekundu ilale.

Rahab alipopewa sehemu yake akaigeuza huku na huku. "Madam, malkia ameenda wapi?" Nikamwambia malkia amekuwa mjane. Alinuna siku moja nzima, kisha akasoma ukurasa wa mwisho na hakununa tena. Tulifanyia mazoezi katika ukumbi wa kulia, baada ya meza kusafishwa. Mara ya kwanza Rahab alipofika pale bati la mwisho linapong'olewa, alijitupa chini akalia kwa kwikwi, vizuri sana, na wasichana wengine wakaanza kufuta macho. Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo. "Wewe! Inuka!" Mama Njoki alisimama hapo na kitambaa begani. "Sufuria iko kwa moto, utalia saa ngapi? Ukilia, wamekushinda. Koroga!" Rahab akainuka, akakoroga. Akaanza tena, safari hii akiwa mkavu, akikata kitunguu huku mabati yakianguka, na ukumbi ule wa kulia ukawa kimya hadi nikasikia maji yakichemka upande wa pili wa ukuta.

Siku tatu kabla ya mashindano mwalimu mkuu aliniita ofisini. Mswada ulikuwa mbele yake. "Mwalimu, hadithi ni nzuri," akasema. "Lakini hili jina. 'Mkule'! Sisi ndio tunawafundisha hawa watoto wasiandike hivi. Badilisha."

"Ni mhusika anazungumza, madam."

"Waamuzi hawatauliza ni nani anazungumza. Watauliza ni nani alifundisha."

Hapo ndipo niliposimama njia panda, nami nilikuwa mwoga, mwalimu wa mkataba ambaye barua yake ya kazi ingeweza kuisha mwezi wowote. Kelele ya kukohoa ilirudi, karibu kabisa na sikio. Nilisema, "Nikibadilisha hilo neno, sina mchezo." Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Basi ukiaibika," akasema, "uaibike peke yako. Mimi nitasema sikuuona." Lakini alitia sahihi fomu.

Tulishinda tarafa, nikasema ni bahati. Tukashinda wilaya, nikaogopa zaidi. Mashindano ya mkoa yalifanyika mjini Nakuru, katika ukumbi uliojaa hadi madirishani, na Mama Njoki na Selina walikuja kwa lori la shule, Mama Njoki amevaa koti lake la Jumapili licha ya jua. Rahab alikuwa ameomba jiko la makaa la kweli na kitunguu cha kweli. Wasichana wanne walipanda juu ya meza na kuanza kung'oa mabati, na kila bati lilipoanguka ukumbi uliruka. Kisha kitunguu kikaanza kunukia. Harufu ikaenea mstari kwa mstari. Niliwaona watu wakigeuza pua, wakitabasamu, wakimezea mate. Rahab hakuharakisha. Akaonja mchuzi. Akafuta mikono. Akainua uso, akawatazama wale wanne, na kwa sauti ya kawaida kabisa akawaambia chakula iko tayari, shukeni mkule. Ukumbi ulivuma. Watu walisimama, wakapiga benchi, mama mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Waambie!" Na Gathogo, msichana mnene wa kidato cha tatu, aliposhindwa kumeza kile kijiko cha kwanza, vicheko vikakatika kama uzi.

Mwamuzi mkuu alikuwa mzee mwenye kofia, na alipochukua kipaza sauti nilimtambua kwa matamshi kuwa ni mwenyeji wa pwani. Nikashika ukingo wa kiti. "Shule hii," akasema, "nimewakata alama mbili za lugha. Kanuni ni kanuni: ni 'mle', wala si 'mkule'." Mwalimu mkuu, aliyekuwa ameketi nyuma kabisa, akainamisha kichwa. Mzee akakunja karatasi yake. "Lakini niseme kweli. Bibi yule angewaambia 'mle', wale mabwana mpaka sasa wangekuwa juu ya nyumba." Kelele iliyofuata ilinizuia kusikia matokeo; niliyajua tu kwa kuona wasichana wangu wakirukiana, na Rahab akikimbia kuelekea jukwaani na mwiko bado mkononi. Tulikuwa wa kwanza. Mwalimu mkuu alinipita akielekea mbele, akanishika mkono na kuubana sana. Nilimtafuta Mama Njoki. Alikuwa bado ameketi, anafungua vifungo vya koti. "Ni sawa," akaniambia. "Isipokuwa huyo Gathogo mmemfanya mzuri kuliko vile alikuwa."

Nimeandika vitabu vingi tangu wakati huo, na sitadanganya kwamba ukavu wa kalamu haukunirudia. Umenirudia mara kadhaa, mara moja kwa karibu miaka miwili. Lakini haujawahi tena kunitisha kwa namna ile, kwa sababu sikuwa tena nikisubiri kibali cha mtu. Wengine husema waandishi hungoja sauti yao ije. Yangu ilikuwa imenizunguka tangu nikiwa mtoto, nami niliifungia nje kwa kuwa haikuvaa viatu.

Jumatatu baada ya ushindi ule niliamka mapema, nikakaa kwenye meza ya ghala la pareto na karatasi safi. Wasichana walikuwa wanaimba bwenini. Nilikuwa na mwanamke mmoja kichwani, muuza maziwa wa mtaa wa Rhonda, aliyekuwa anabisha mlango wa mtu asubuhi ile na alitaka jambo fulani, nami nilijua ni lipi. Nikaandika sentensi ya kwanza, na ya pili ikaja yenyewe, na ya tatu ikaisukuma. Kengele ya kipindi cha kwanza ikalia. Baadaye kiranja wa kidato cha pili akaja mlangoni, akanyata, akasema, "Madam, tunakungoja." Nikamwambia nakuja. Nikageuza karatasi, nikaandika upande wa pili hadi chini kabisa, na nilipoingia darasani nikiwa nimechelewa robo saa, wino ukiwa umenichafua vidole, wasichana wote wakasimama kunisalimu, nami sikuomba msamaha.